Shimo Tupu Si Hasara

KAZI NA MAARIFA
Ukurasa wa jamaa na vijana



Katika miji yetu ya migodi, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na vijiji vya pembeni, neno "sondaji" linaamsha moyo wa kila mtu. Watu wakiona mashini ya kutoboa imesimama porini, wanasema mara moja: kuko shaba, kuko kobalti! Bei ya mashamba inapanda, vijana wanatafuta chepe na mifuko. Lakini iko sondaji nyingine ambayo haitafuti shaba hata kidogo. Inatafuta udongo.

Pengine utacheka. Udongo uko kila mahali, nani anaweza kulipa feza ya kuutafuta? Lakini ngoja kidogo. Nyumba unamolala ni udongo. Sahani ya porselini, kigae cha chini katika nyumba ya tajiri, simenti, rangi ya ukuta, hata karatasi laini ya magazeti, ndani ya vyote hivi udongo umeingia. Tena matofali yanayopangwa ndani ya tanuru ili yavumilie moto, mengi yametengenezwa kwa udongo. Ni mali. Na kama mali nyingine, inapimwa mbele ya kununua.

Mwezi huu tuongee juu ya kazi hiyo ya kupima. Siku hizi vikundi vingi vya vijana na vya wamama vinapenda kuanza kazi ya matofali. Wanaweka feza pamoja, wanakopa nyingine, wanajenga tanuru. Wengine nyuma ya mwaka moja au miwili wanafunga, udongo umekwisha ao matofali yanapasuka. Wangeweza kujua hayo mapema kwa kutoboa mashimo machache.

UDONGO HAUKO WA NAMNA MOJA

Udongo wa mfinyanzi ni ule ambao ukiulowesha unanata, ukiupa umbo unalishika, na ukiuchoma unakuwa mgumu kama jiwe. Lakini ndani yake kuko ukoo mkubwa.

Wa kwanza ni udongo wa matofali. Una chuma ndani, ndiyo sababu tofali letu likitoka motoni ni jekundu. Unachomwa kwa joto la karibu digri 900 hadi 1,100.

Wa pili ni kaolini, ule mweupe. Mama zetu wanajua pemba nyeupe ya sokoni. Ni ndugu yake. Jina la kaolini lilitoka China, kwenye kilima cha Gaoling, karibu na mji wa Jingdezhen unaojulikana kwa porselini. Kaolini safi kabisa ina sehemu 46 na nusu kwa mia za silika, 39 na nusu za alumina, na 14 za maji yaliyofungwa ndani yake. Inatafutwa kwa porselini, karatasi na rangi.

Wa tatu ni udongo wa kuvumilia moto, ambao hauyeyuki hata joto lipite digri 1,500. Wa ine ni bentoniti, unaovimba sana ukipata maji. Hata mafundi wa sondaji wenyewe wanaununua, wanauchanganya na maji na kuushusha ndani ya shimo, kusudi kuta zisianguke.

Kwa hiyo mtu akikuambia "hapa chini kuko udongo," hajakuambia kitu bado. Umuulize: udongo gani? Mwingi namna gani? Uko chini metre ngapi? Na kama unafanana kutoka upande huu hadi upande ule?

MACHO YANAONA JUU TU

Udongo unazaliwa kwa njia mbili kubwa. Tuchukue mifano ya Uingereza, kwa sababu kule wanachimba udongo wa viwanda tangu zamani, na njia zote mbili ziko karibu karibu.

Njia ya kwanza: jiwe gumu linaoza pale pale lilipo. Katika Cornwall, jiwe la graniti liligeuka kuwa kaolini. Katika mwaka 1768 mtu wa dawa, William Cookworthy, alipata hati ya serikali ya kutengeneza porselini kwa udongo wa huko. Udongo ule umeshuka chini sana, pengine zaidi ya metre 200. Lakini haukutandikwa kama mkeka. Mahali pengine ni laini kabisa, na hatua chache pembeni unagonga graniti ngumu. Tena hata mahali palipo laini, kaolini imechanganyika na mchanga na vipande vya mika. Kwa kupata toni 1 ya kaolini, takataka inaweza kufika toni 9. Ndiyo maana kule kuko vilima vyeupe vya takataka, kama sisi tulivyo na terili nyeusi ya Lubumbashi.

Njia ya pili: maji yanabeba udongo na kuutuliza ndani ya bonde. Ndivyo ilivyo katika bonde la Bovey, mkoa wa Devon. Kule udongo umelala kwa tabaka, moja juu ya nyingine, na katikati yake kuko mchanga na makaa ya mawe ya rangi ya kahawia. Tabaka moja linafaa kwa masinki na vyoo vya porselini, lingine kwa vigae, lingine halifai. Wachimbaji wanatenga kila tabaka, kisha wanachanganya kwa kipimo, kusudi mteja apate udongo ule ule kila mwezi.

Sasa turudi kwetu. Wewe unaishi karibu na dembo, lile bonde la majani lenye maji wakati wa mvua. Pale maji yalituliza udongo kidogo kidogo. Pengine umelala kama bakuli: mzito katikati, mwembamba pembeni, na mchanga umeingia ndani kama ulimi. Ukichimba shimo moja katikati ya bakuli utashangilia. Ukichimba shimo moja pembeni utalia. Mashimo yote mawili yamekudanganya, kwa sababu kila moja limesema habari yake tu.

Na vichuguu je? Pande za Lubumbashi watu wengi wanafyatua matofali kwa udongo wa vichuguu vikubwa, kwa sababu mchwa wamepandisha udongo mzuri kutoka chini. Ni akili njema. Lakini watafiti waliochunguza vichuguu hivyo wamekuta chokaa imekusanyika ndani yao. Tutaona hapa chini namna gani chokaa inaharibu tofali.

KUTOBOA KWA MPANGO

Kampani kubwa inatumia mashini inayokata udongo na mawe kwa bomba lenye meno, na kutoa kipande kirefu cha mviringo. Mafundi wanakiita "karoti". Karoti zinapangwa ndani ya masanduku kwa utaratibu, metre ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mwisho, kama kurasa za kitabu. Mtu wa jiolojia anasoma pale.

Ninyi wa kikundi hamna mashini hiyo, na kwa matofali hamuihitaji. Tarieri ya mkono inatosha: chuma chenye meno ya kuzunguka, kama keekee kubwa, na vyuma vya kuongeza urefu. Vijana watatu ao wane wanaizungusha, inapanda na udongo ndani yake. Katika udongo laini inaweza kushuka metre kadhaa. Na kuko faida nyingine kubwa: hakuna mtu anayeingia shimoni. Tunajua sote namna gani mashimo ya kuingia mtu yanaanguka na kufunika watoto wetu. Kwa kupima udongo, msishushe mtu chini. Shusheni chuma.

Fuateni mpango huu:

1. Fanyeni kazi wakati wa kipwa, mvua ikiisha. Wakati wa mvua shimo linajaa maji.

2. Pimeni uwanja kwa kamba, mgawanye kwa miraba iliyo sawa, kwa mfano metre 50 kwa 50. Katikati ya kila mraba, shimo moja. Msichague mahali panapopendeza tu. Shimo linawekwa mahali pake, pakipendeza ao pasipopendeza.

3. Kila shimo lina namba yake, na kila namba ina ukurasa wake katika daftari. Andikeni: kutoka juu hadi metre 1, udongo mweusi wenye mizizi, kutoka metre 1 hadi 3, udongo wa kijivu, laini, unanata, kutoka metre 3 hadi 3 na nusu, mchanga. Andikeni pia maji yalionekana metre ya ngapi.

4. Wekeni udongo wa kila metre katika mfuko wake, na karatasi yenye namba ya shimo na urefu. Msichanganye. Mfuko usio na namba ni takataka tu.

5. Shushani mpaka mpite udongo na kugusa kitu kingine. Ukisimama katikati ya udongo hujui unene wake.

6. Mkimaliza, zibeni shimo siku ile ile. Mguu wa ng'ombe unavunjika hata ndani ya shimo dogo, na mtoto naye hachungi njia.

MOTO NDIO UNAJUA UKWELI

Udongo unaweza kupendeza mkononi na kukataa motoni. Basi ujaribuni.

Kwanza kwa vidole. Lowesha kidogo, usokote kamba nene kama kalamu, uikunje kama pete. Ikikatika mara moja, mchanga ni mwingi. Ikikunjika vizuri, udongo unashika.

Kisha tengeneza vipande vya tofali dogo na uchore juu ya kila kimoja mstari wa sentimetre 10 kamili. Kikaushe kivulini, ukichome, upime tena mstari. Kama umebaki sentimetre 9 na milimetre 2, udongo umejikunja sehemu 8 kwa mia. Andika. Udongo unaojikunja sana unapinda na kupasuka. Pengine unaweza kuponywa kwa kuongeza mchanga, lakini kipimo chake kinatafutwa kwa kujaribu.

Kisha ngoja. Usitoe neno siku ile tofali linatoka motoni. Ni hapa chokaa inajionyesha. Kipande cha chokaa ndani ya udongo kikichomwa kinageuka chokaa hai. Tofali linatoka zuri, linapangwa, linauzwa. Nyuma ya siku chache chokaa inakunywa maji ya hewa, inavimba, na tofali linapasuka ndani ya ukuta wa mteja. Basi weka vipande vyako mahali penye unyevu kwa wiki mbili tatu. Vikibaki vizima, unaweza kufurahi. Ukiwa na shaka, dondoshea udongo mkavu matone ya siki kali ao maji ya limao. Ukitoa povu, kuko chokaa.

Kwa kaolini, macho ya nyumbani hayatoshi tena. Inapashwa kuoshwa, kupima ni kiasi gani cha udongo kinabaki mchanga ukitoka, na kupelekwa laboratwari. Chuma kidogo tu, hata sehemu 2 kwa mia, kinaondoa weupe wake motoni. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinafundisha jiolojia. Kijana wa kikundi anaweza kwenda kuuliza njia. Kuuliza si haya.

TUFANYE HESABU

Vijana, twaeni kalamu. Tuseme kikundi kina uwanja wa metre 200 kwa 150. Ni metre za mraba 30,000. Walichimba shimo moja karibu na njia, wakakuta udongo mzuri wa metre 4. Wakasema: 30,000 mara 4, ni metre kubiki 120,000. Metre kubiki moja tuihesabu toni 1.8. Jumla toni 216,000!

Kiwanda chao kidogo kinataka matofali 20,000 kwa siku. Tofali moja lililochomwa lina karibu kilo 3. Pamoja na maji yanayotoka wakati wa kukausha na kuchoma, tuhesabu toni 72 za udongo kwa siku. Kwa siku 250 za kazi, ni toni 18,000 kwa mwaka. Kwa hiyo 216,000 gawa kwa 18,000: miaka 12. Deni ni la miaka 10. Wote wanapiga makofi.

Sasa papa moja mwenye akili anasema: "Ngojeni kwanza, tutoboe." Miraba ya metre 50 ni 12, basi mashimo 12. Matokeo ni haya: mashimo 7 yana udongo mzuri, unene wa katikati metre 3. Mashimo 3 ni mchanga. Mashimo 2 yana udongo wenye chokaa. Kila shimo linasimama kwa metre za mraba 2,500. Basi 7 mara 2,500 mara 3 ni metre kubiki 52,500, ni kusema toni 94,500. Gawa kwa 18,000: miaka 5 na kidogo.

Miaka 5 ya udongo, miaka 10 ya deni. Tanuru ingezimika katikati, na nani angelipa nusu inayobaki? Ni nyumba za watu, ni masomo ya watoto.

Angalieni tena udongo wa juu unaofunika. Kama metre 1 inafunika metre 3 za mali, kazi inaendelea. Kama metre 6 zinafunika metre 3, feza yote itakwisha kwa kuondoa kifuniko. Na kama maji yako juu ya udongo, itapashwa pompe kila siku. Haya yote daftari la mashimo linayaonyesha mbele ya kuweka tofali la kwanza la tanuru.

SABABU GANI SHIMO TUPU SI HASARA

Vijana wakitoboa na kukuta mchanga, wanakasirika. Wanasema: tumetoka jasho bure. Hapana, ndugu. Shimo la mchanga limekuonyesha mpaka wa mali yako. Mashimo yale matano ya mfano wetu ndiyo yaliyookoa kikundi. Sasa wanaweza kujenga tanuru ndogo, ya matofali 8,000 kwa siku, na udongo wao utafika miaka 13. Ao wanaweza kutafuta uwanja mwingine. Ao kuacha, na feza yao ikali mkononi. Njia zote tatu ni nzuri kuliko deni bila udongo.

Kwa hiyo mlinde yule anayeandika daftari. Kiongozi asimuambie: "Shimo hili usiliandike, litavunja watu moyo." Na mtu wa nje akija na karatasi nzuri kuwaomba feza ya kiwanda, muulizeni: mashimo mangapi? Yako wapi? Tuonyeshe na yale matupu. Kama hana hata shimo moja tupu, mwende polepole.

SHAMBA NI LA NANI?

Neno la mwisho ni la sheria. Katika nchi yetu ardhi ni ya serikali. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema hivyo, na mali ya chini ya ardhi vilevile. Sheria ya migodi ya tarehe 11 Julai 2002, iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, inaweka udongo katika mali za kariere. Inatenga udongo wa matofali, ulio kati ya vitu vya kujengea vya kila siku, na kaolini, iliyo mali ya viwanda. Ruhusa zao si moja. Mbele ya kuchimba kwa biashara, mwende kuuliza ofisi ya mines ya provensi, na mshike karatasi mkononi.

Na wewe mama mwenye shamba, siku kampani inakuja kutoboa kwako, usifikiri kwamba huna neno la kusema. Mtu mwenye ruhusa anapashwa kulipa mimea na mali anayoharibu. Mbele mashini haijaingia, hesabu miti yako na matuta yako mbele ya washuhuda, uandike. Uombe mashimo yazibwe. Usiweke kidole juu ya karatasi ambayo hakuna mtu wa kwako aliyeisoma. Mwite mtoto wako wa masomo akusomee, neno kwa neno.

MAULIZO KWA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Katika mtaa wenu, udongo wa matofali unatolewa wapi? Nani alishaupima?

2. Tengenezeni vipande vitatu kutoka mahali patatu, kila kimoja na mstari wa sentimetre 10. Kila kimoja kimejikunja kiasi gani?

3. Rudieni hesabu yetu: kama kifuniko juu ya mashimo 7 mazuri kina unene wa metre 1, ni metre kubiki ngapi za kuondoa? (Jibu: 17,500.)

4. Mashimo yaliyoachwa wazi karibu na nyumba zenu ni mangapi? Nani atayaziba, na lini?

Mwezi ujao tutaongea juu ya tanuru yenyewe, na namna ya kuchoma bila kumaliza miti yote ya pori. Mubaki salama.